Zamu ya Usiku Yataka Wakunga Wawili

Mimi ni mkunga mstaafu. Nilianza kazi mwaka 1979, nikastaafu mwaka 2017, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumikia pwani hii ya kaskazini ya Dar es Salaam, baina ya Kunduchi na Pangani, katika hospitali na vituo vya afya ambavyo sitavitaja majina, kwani sikusudii kumshitaki mtu. Ninalokusudia ni kueleza jambo moja ambalo wakunga wa pwani tunalijua sana na ambalo ni nadra kuonekana gazetini: kwamba usiku, katika wodi ya wazazi, aghalabu mkunga huwa peke yake. Wadogo zangu waliomo kazini leo huniambia kwamba mahali pengi mambo bado ni yale yale. Nami nasema kwamba mkunga mmoja usiku hatoshi, hata awe hodari namna gani, na kwamba madhara ya upungufu huu hayaonekani katika vitabu vyetu kwa sababu sisi wakunga wenyewe tumesaidia kuyaficha.

Ndugu zetu wa visiwani hawatahitaji maelezo marefu juu ya usiku. Bagamoyo maji yakitoka, bahari huenda mbali na vyombo hulala ubavu mchangani. Siku za bamvua maji hujaa mwendo wa saa kumi, alfajiri na jioni, na nahodha hana amri juu ya hilo. Wavuvi wa Kojani na Tumbatu wamekuwa wakivuka kwenda dago katika pwani ya bara tangu zama za mababu, na wengine huandamana na wake zao. Mke wa mvuvi akishikwa na uchungu dagoni, tuseme upande wa Saadani, njia ya nchi kavu ya kufika Bagamoyo ilikuwa ndefu, tena ilikatwa na Mto Wami, na wakati wa masika ilikuwa tope tupu. Basi alitiwa katika mashua. Mashua ilingoja maji, kisha ikangoja upepo, ikamfikisha mzazi penye hospitali saa ambayo mji wote umelala. Watu wa Uzi, ambao njia yao ya kwenda Unguja Ukuu kwa miaka mingi ilikuwa ikifunikwa na maji kila yalipojaa, wanalijua jambo hili. Wa Chole na Jibondo, ambao hospitali yao iko Kilindoni ng'ambo ya maji, wanalijua pia, ijapokuwa wao wako kusini na habari yangu ni ya kaskazini.

Nitatoa mfano wa usiku mmoja wa masika ya mwaka 1984. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, nasi tulikuwa na karabai moja na kandili mbili. Ndani walikuwamo wazazi watatu, mmoja amekwisha jifungua, wawili wangali na uchungu. Yapata saa kumi na moja kasorobo nikasikia hodi. Wanaume wanne, wameloa hadi kifuani, wamebeba kitanda cha kamba, na juu yake yumo msichana wa mimba ya kwanza. Nyuma yao alikuja mavyaa wake, mwanamke mtu mzima, ameshika bunda la kanga.

"Shikamoo, bibi," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Tumetoka huko tangu jana adhuhuri. Mtazame mwenzio, mimi mikono yangu imechoka."

Mikono yake ilichoka kwa sababu njia nzima, ndani ya mashua, alikuwa amemkanda mkwewe kiuno. Desturi yetu wakati ule ilikuwa kuwatoa nje wazee kama hawa, tukisema wataleta uchafu na imani zao. Nami nilimtoa. Nakiri kosa hilo hapa, maana miaka mingi baadaye, mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mzazi awe na mtu anayemtaka mwenyewe kando yake wakati wote wa uchungu, na nilipousoma nilimkumbuka bibi yule amesimama barazani mvuani.

Haikupita nusu saa msichana akajifungua. Mtoto alitoka amelegea kama nguo iliyoloa. Hakulia, hakutikisika. Nilipokuwa namkausha nikasikia damu ikidondoka sakafuni. Asiye wa kazi hii asidhani nasema damu ya kawaida ya uzazi. Hii ilikuwa ikitiririka. Kondo la nyuma lilikuwa limekwisha toka lote, lakini kizazi kilikuwa kimelegea, hakitaki kukaza. Hapo mtoto anataka hewa. Mama naye anataka mkono juu ya tumbo, sindano ya kukaza kizazi, na mshipa utafutwe atiwe maji. Yote hayo yanatakiwa papo hapo, na mimi nina mikono miwili.

Nilimwita mhudumu wa usafi aliyekuwa akipiga deki ukumbini. Mama huyu hakupita darasa la nne, wala hakuwa na cheti cha kitu chochote. Lakini miezi michache kabla ya hapo, katika usiku usio na kazi, nilikuwa nimemshika mkono nikamwonyesha jinsi kizazi kinavyosuguliwa mpaka kiwe kigumu kama embe bichi. Sikufanya hivyo kwa kufuata kanuni, kanuni haikuruhusu. Nilifanya kwa hofu. Aliweka ndoo chini, akanawa, akashika tumbo. Mimi nikamshika mtoto nikampulizia kwa ule mpira mmoja tuliokuwa nao. Sikuhesabu nilipuliza mara ngapi. Akakohoa, kisha akalia kwa sauti nyembamba kama ya paka, nami nikageuka nikachoma sindano. Mhudumu alikuwa hajaondoa mkono, na damu ilikuwa imepungua.

Wiki ya pili mume alirudi na nguru mzima aliyefungwa katika makuti. Hakunipa mimi. Alimpa mhudumu, kwani mavyaa, ambaye alikuwa akichungulia dirishani, alikuwa amemweleza mwanawe ni mkono wa nani uliozuia damu. Mhudumu alitukatia vipande, tukala wote.

Habari ya pili ni ya mwaka 1991, na hii sijapata kuieleza hadharani. Mhudumu yule alikuwa likizo, na aliyeshika nafasi yake alikuwa wa mchana tu. Nilikuwa na wazazi wawili. Mmoja alikuwa na kifafa cha mimba. Nilikuwa nimemlaza ubavu, namlinda asijiume ulimi wala asianguke kitandani. Mwenzake akapiga kelele kwamba mtoto anakuja. Nilimwacha yule wa kifafa, nikakimbia, nikampokea mtoto. Kama ilivyokuwa mwaka 1984, mtoto alilegea na mama akaanza kutoka damu. Niliweka kidole kwenye kitovu: moyo ulikuwa unapiga, polepole, lakini unapiga. Nikapiga kelele kuita. Hapakuwa na mtu. Nilimfunika mtoto kwa kitambaa, nikamweka pembeni, nikalishika tumbo la mama yake.

Damu ilipokoma niliporudi kwa mtoto, moyo ulikuwa umesimama. Wazazi wote wawili walipona, na yule wa kifafa alijifungua salama kabla ya adhuhuri. Asubuhi nilifungua kitabu cha wazazi nikaandika, mbele ya jina la mama yule, kwamba mtoto alizaliwa mfu. Niliandika kwa mkono wangu na haikuwa kweli. Baba yake, mvuvi wa makamo, alikuja akanipa mkono. "Ahsante, sista," alisema. "Mungu amenibakizia mke." Sikumjibu neno. Mwisho wa mwezi hesabu ikapelekwa mbele, mfu mmoja, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu aliyezaliwa mfu haulizwi.

Kwa nini niliandika vile? Msomaji anaweza kudhani niliogopa adhabu. Kweli niliogopa, lakini hiyo si sababu yote. Ukiandika kwamba mtoto alizaliwa hai akafa, kitabu kitakuuliza sababu ya kifo na wewe ulifanya nini. Sababu ya kweli ilikuwa kwamba hapakuwa na mtu wa pili, na kitabu hakikuwa na mahali pa kuandika hivyo. Sikuwa peke yangu katika jambo hili. Kuanzia mwaka 2009, wakunga wa hospitali 8 za Tanzania walifundishwa upya namna ya kumsaidia mtoto asiyepumua, kwa kanuni kwamba awe amekwisha anza kupuliziwa kabla ya dakika moja kupita tangu azaliwe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Lakini iliyonishtua ni hesabu nyingine: idadi ya watoto walioandikwa kwamba wamezaliwa wafu papo kwa papo nayo ilipungua, kwa asilimia 24. Aliyekufa kweli hafufuliwi kwa mpira wa kupulizia. Ni dhahiri basi kwamba baadhi ya wale tuliokuwa tukiwaandika wafu walikuwa hai, kama alivyokuwa hai yule wa mwaka 1991.

Upande wa mama nao umechunguzwa. Mwaka 2023 ulitolewa utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Mzazi aliwekewa mfuko maalumu wa kupokea na kupima damu, ili kutoka damu kugundulike mapema. Na damu ikizidi kipimo, alifanyiwa kwa pamoja mambo ambayo zamani tuliyafanya moja baada ya jingine: kusuguliwa kizazi, kupewa dawa ya kukikaza, kupewa dawa ya kuzuia damu, kutiwa maji mshipani, na kuchunguzwa damu inatoka wapi. Kutoka damu kulikozidi lita moja, au kulikomfikisha mzazi kwenye upasuaji au kifo, kulipungua kwa asilimia 60. Ni habari njema isiyo na kifani katika maisha yangu ya kazi. Hata hivyo nawaomba waheshimiwa wasome tena maneno "kwa pamoja". Mtu mmoja hawezi kusugua kizazi na wakati ule ule akatafuta mshipa. Naye mtoto, kama amelegea, ana dakika moja. Elimu hizi mbili, moja ya mama na moja ya mtoto, zote ni sahihi, na kila moja inadai jozi yake ya mikono katika dakika zile zile.

Nisieleweke vibaya. Yako mengi yaliyotengenea, na si haki kuyanyamazia. Barabara ya Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, ambayo katika miaka ya 1980 gari la wagonjwa lilikuwa likikwama mchangani na kwenye madimbwi, leo ina lami. Tangu mwaka 2022 uko mpango wa kitaifa wa m-mama, ambao kwa simu ya bure namba 115 mzazi mwenye matatizo hutafutiwa gari, na kama gari la wagonjwa halipo huchukuliwa na dereva wa kijijini aliyeandikishwa. Akina mama wanaojifungulia katika vituo vya afya walikuwa asilimia 63 katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016. Katika ule wa mwaka 2022 wamefika asilimia 81. Vifo vya wazazi, ambavyo uchunguzi wa kwanza ulivikadiria kuwa 556 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, ule wa pili umevikadiria kuwa 104. Visiwa vyote vya Unguja na Pemba vimo katika hesabu hizo.

Lakini maana yake nini kwa zamu ya usiku? Maana yake ni kwamba mzazi ambaye zamani angefia dagoni, au angezalishwa na bibi yake kwenye kitanda cha kamba, sasa anafikishwa. Tumemwambia aje, tumemlipia gari, amekuja. Anafika saa nane ya usiku, anamkuta binti mmoja wa miaka ishirini na mitano ambaye tayari ameshika wengine wawili.

Najua majibu nitakayopewa, kwani niliyasikia katika vikao kwa zaidi ya miaka thelathini. La kwanza ni kwamba watumishi hawapo. Hili lilikuwa kweli wakati wetu. Leo wako vijana wenye vyeti vya uuguzi na ukunga wanaongoja ajira, na wengine wao huuza vocha za simu. Jibu la pili lina nguvu zaidi, nami nalipa heshima yake: kwamba katika kituo kidogo huenda usiku mzima asizae mtu, na mtumishi wa pili atakuwa analipwa kwa kulala. Ni kweli, mara nyingi atalala. Watu wa visiwani niwaulize, ni nani anayetoka na mashua kwenda Bagamoyo peke yake kwa sababu safari nyingi bahari huwa shwari? Yupo anayeshika usukani na yupo wa kufua maji, na siku ambazo hakuna maji ya kufua hakuna anayemwambia abaki nyumbani.

Tena si lazima huyo wa pili akeshe. Shida kubwa ya vituo vya pwani ni nyumba. Nimefanya kazi mahali ambapo mwenzangu aliishi mwendo wa saa nzima kwa miguu, kwa kuwa alipanga chumba mjini. Hata ningempelekea mtu, angefika damu imekwisha. Ingalikuwapo nyumba ya vyumba viwili ndani ya uwanja wa kituo, na kengele tu ya kuvuta kutoka chumba cha kuzalishia, mtu wa pili angekuwa kitandani kwangu katika dakika mbili. Kwa hiyo ninaloliomba kwanza ni nyumba, kabla hata ya ajira, na zianzie katika vituo vinavyopokea wazazi kwa chombo. Pwani hii haijapata kukosa watu wa kutoa. Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo wa karne ya 19, alitoa mali yake ikajengwa hospitali ya Dar es Salaam, na jina lake liko Muhimbili hadi leo. Wenye mahoteli waliopanga safu ufukoni kutoka Kunduchi kwenda juu wanaweza kujenga nyumba ya vyumba viwili bila ya kuhisi pengo.

Liko pia jambo la wizara mbili. Afya si jambo la Muungano, na kila upande una wizara yake, bajeti yake na madaftari yake. Mke wa mvuvi wa Kojani aliyehudhuria kliniki Pemba hufika Bagamoyo na kadi ambayo hakuna aliyeitarajia, na akirudi kwao huko hakuna ajuaye kwamba alitoka damu nyingi mara ya mwisho, jambo ambalo ni la kwanza kuulizwa katika mimba inayofuata. Sina maoni juu ya katiba. Naomba tu waganga wakuu wa pande mbili wakae siku moja wakubaliane kwamba kadi ya huku isomwe kule, na kwamba dago ziwe katika ramani ya dereva na nahodha wanaoitwa kwa simu, maana ule mpango wa magari ni mzuri lakini dagoni gari halifiki.

La mwisho ni dogo, na haligharimu chochote isipokuwa rula na kalamu. Katika kitabu cha wazazi cha kila kituo ichorwe safu moja zaidi, iandikwe idadi ya wakunga waliokuwa zamu saa mtoto alipozaliwa. Mkunga aijaze papo hapo, kama ajazavyo uzito wa mtoto. Na palipoandikwa kwamba mtoto alizaliwa mfu, pawe na mahali pa kusema kama moyo ulikuwa ukipiga kitovuni. Binti wa zamu asiogope kusema ndiyo, wala asitiwe hatiani kwa kusema ndiyo ikiwa safu ya pembeni inaonyesha moja. Mwezi ukiisha hesabu hizo zipelekwe pamoja na nyingine, na mganga mkuu wa wilaya aende nazo kwenye kikao cha bajeti kabla ya Julai.